Mikebe Isiyotobolewa

Assalamu alaykum, dada zangu. Leo zamu ya kusema ni yangu, na nikilia mnivumilie, nitamaliza tu.

Ukame ulipomaliza mbuzi wetu kule Hadado, mimi na mama tulihamia hapa Garissa. Mama akawa anatazama ukuta kutwa. Nikimpa maziwa ananiambia, "Yaweke hapo," na jioni nayamwaga yamechacha. Siku moja akasema, "Mikono yetu haiwezi tena kuweka kitu hai." Wallahi, neno hilo lilinichoma.

Nikaamua kuotesha maua, yale mafupi yanayopandwa mbele ya maofisi, ili mama aone kitu kinachokua. Nilijaza udongo kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, nikasia mbegu, zikaota vizuri. Mama akageuza kichwa, akaangalia. Haukupita muda, mashina yakalegea pale chini, miche ikalala. Nikapanda tena, ikalala tena. Nilidhani ni kiu. Nikazidi kumwaga maji, hayo hayo ya kununua kwa mkokoteni wa punda, kama nilivyokuwa nikinywesha mbuzi kisimani mpaka washibe. Mama akaurudia ukuta. "Nilikuambia," akasema. Nami nikaamini, ndugu zangu. Niliamini nina mkono wa kifo.

Jirani yetu, mama anayelima kando ya mto, akaja kutujulia hali. Aling'oa mche mmoja, akaunusa. Mizizi ilikuwa imeoza. Akainua mkebe, akautazama chini. "Mashimo yako wapi?"

Mashimo! Hebu niambieni nyinyi, huku kwetu nani hutoboa chombo cha maji? Aliposhika msumari nilipiga kelele, "Dada, unaniharibia!" Akatoboa yote. Maji yakatoka meusi, yananuka.

"Hujalaaniwa," akasema. "Umeizamisha miche."

Tukaanza upya, udongo tukachanganya na mchanga na samadi ya zamani iliyopoa. Nikawa namwagilia asubuhi, kidogo, na kama udongo bado una unyevu naacha. Miche nikaiweka kivulini, nikaizoesha jua polepole. Mingine ilikufa hata hivyo, siwafichi. Mmoja ulipokomaa nilimpelekea mama. Akayapapasa majani.

"Huu uko hai," akasema.

"Ndiyo, hooyo, mama yangu. Uko hai."

Asubuhi ile mama yangu alikunywa maziwa yote.

Hakuyaona maua yakichanua. Mungu alimchukua kabla.

Nawashukuru nyote mliokaa nami msibani. Na wewe dada wa msumari, upo hapa, jina sikutaji, Mungu akulipe. Ninachowaachia ni hiki: mche ukilala, msikimbilie maji. Gusa udongo, angalia chini ya mkebe. Na mtu wako akiugeukia ukuta, usibaki naye peke yako, mwite jirani.

Mpaka leo nachemsha maziwa ya watu wawili, mkono umezoea. Ndiyo maana, dada, kila asubuhi nakugongea mlango.