Ndege ya Kitambaa na Gundi

Pale mtaani Mpofi, benchi ya mbele ya duka la Mama Kaswera ilijaa mapema siku hiyo, maana mwenye duka alikuwa anaondoka. Binti yake Mamie, aliyefiwa na baba akiwa mdogo, anaolewa Kisangani Jumamosi. Kaswera, mtu wa Butembo aliyezoea malori, hakuwahi kupanda ndege, na tangu alfajiri alikuwa anafungua na kufunga valizi, sanduku lake la safari. Ndipo Vitesse, kijana wa taksi moto, yaani pikipiki, akaja na habari yake.

— Mama Kaswera, ile ndege haiko ya chuma. Mabawa iko kitambaa na gundi.

Kaswera nusura amwage kahawa aliyokuwa anawamiminia kutoka termosi.

— Kitambaa gani tena?

— Nyuzi za kaboni, akasema Jules, fundi wa redio waliyemwita Injenia. Wanapanga matabaka, wanapakaa gundi, wanapika mu furu kama mikate. Inakuwa nyepesi, na nguvu inapita chuma.

— Kaboni njo makala, ule mkaa wa jikoni, akadakia Papa Fromage, muuza jibini wa Masisi. Jua ikiwaka, bawa inashika moto.

— Na mvua ikinyesha, gundi inalegea, akaongeza Vitesse.

— Na panya je? Mimi nafunga jibini mu kitambaa, panya inakula vyote viwili. Pilote wa ndege lazima abebe paka.

Benchi ikacheka mpaka machozi. Kaswera hakucheka. Alishajiona yuko juu ya pori, amening'inia kwenye kitenge.

Vitesse akasema heri wajaribu. Akaleta kinga ya matope ya moto yake, aliyoiziba kwa kitambaa na gundi ya kuziba mipira ya magurudumu. Papa Fromage akaikalia. Ikakunjika kama chapati.

— Umeona, Mama? akasema Vitesse. Usiende.

— Muliipika? akauliza Injenia kwa hasira.

— Basi tuipike kwa furu ya jirani Godelieve, muoka mikate, akasema Papa Fromage. Natia na maziwa kidogo, itashika muzuri.

— Mimi siendi, akasema Kaswera. Nitamutumia mbuzi na vitenge.

Dada Libérata, aliyepita tu kununua chumvi, akageuka.

— Sasa Mamie ataingia kanisani na nani?

Papa Fromage akanyoosha kikombe chake kitupu.

Kaswera akavua aproni.

— Naogopa sana, akasema. Vitesse, washa moto, unifikishe uwanja wa ndege.

— Na kahawa, Mama? akauliza Papa Fromage.

Lakini Kaswera alishabeba valizi, na termosi ya kahawa alikuwa ameifungia mle ndani ya valizi.