Mbwa Niliyesema Si Wangu

Habari za mchana, ndugu zangu wa jumuiya. Mwenyekiti amenipa dakika chache, na mimi nikishaanza kuongea huwa siachi, kwa hiyo mnivumilie. Nimesimama kushukuru. Lakini ili mjue nashukuru nini, lazima kwanza mjue nilivyokuwa mwongo.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la tano. Nimezunguka visiwa vya ziwani, nimechunga ng'ombe za watu Sengerema, nimefyatua tofali, na kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka. Hapa Pasiansi nilikuja kulinda nyumba inayojengwa. Mbwa mmoja wa kahawia akaanza kunifuata. Nikampa ugali na vichwa vya samaki, akawa analala mlangoni kwangu. Miaka miwili hivyo. Sikumnunua, sikumpa jina, nilimpigia mluzi tu akaja. Chanjo sikuiwaza, maana nani anachanja mbwa asiye wake?

Asubuhi moja mama mmoja anayeanika dagaa ufukweni alikuwa anapita pembeni ya geti. Mbwa akatoka mbio, akamuuma mkono wa kulia. Majirani wakamwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, wakawa wanamtafutia usafiri wa kwenda zahanati. Wakaniuliza, "Mbwa wako huyu?"

Nikajibu, "Huyo wa mtaa. Mimi sifugi mbwa."

Jirani mmoja akasema, "Hufugi, na amekukalia miguuni?"

Kweli, alikuwa amenikalia miguuni.

Zahanati walimwanzishia mama sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, wakauliza kama mbwa amechanjwa na yuko wapi. Hakuna aliyeweza kuwajibu. Kufika saa sita nikasikia mtendaji wa kata ananitafuta. Ndugu zangu, niliogopa jela. Nikamfunga mbwa kamba, nikapanda kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo upande wa Sengerema. Nia yangu ilikuwa nimwache kwa wale niliowachungia ng'ombe, nirudi mikono mitupu. Mbwa akishapotea, nani atanishtaki kwa lipi?

Kwenye kivuko nikakaa karibu na mzee mmoja mwenye boksi la kubebea chanjo za mifugo. Nikamwamkia, na mnajua siwezi kukaa kimya.

"Mzee, nauliza tu. Mbwa asiye na mwenyewe akimuuma mtu, kesi inakuwa ya nani?"

Akamtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. "Anakula kwa nani?"

"Huwa anapewapewa."

"Anayempa chakula na pa kulala ndiye mwenyewe, hata kama hakumnunua. Matibabu ya aliyeumwa yanamhusu, na kazi iliyosimama inamhusu."

"Na mbwa akipotea?"

"Hapo umemuumiza mtu mara ya pili. Mbwa akifungwa siku kumi, akala na kunywa na kubaki mzima, aliyeumwa anajua mbwa hakuwa na kichaa. Akipotea, huyo mtu atabaki na wasiwasi hata akimaliza sindano zote." Kisha akauliza, "Ni mwanaume au mwanamke?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kuna mtu ameumwa kweli.

"Mwanamke," nikasema. "Mkono wa kulia."

Kivuko kilipofika Kamanga nilishuka, nikakata tiketi ya kurudi na kivuko kilekile.

Nikaenda na mbwa moja kwa moja ofisi ya kata, mtendaji akaniuliza kama mbwa ni wangu. Nikasema ni wangu. Neno hilo dogo lilinitoa jasho. Nilijua naweza kupelekwa polisi na nilikuwa tayari. Lakini yule mama, aliyekuwa amekaa palepale mkono umefungwa bandeji, akasema, "Akikaa ndani, dagaa zangu ataanika nani? Andika, mtendaji. Atanilipia matibabu, na atafanya kazi yangu mpaka mkono upone." Tukaandikishana.

Basi nikamfunga mbwa uani, na kila asubuhi nikawa nashuka ufukweni.

"Shikamoo mama. Amekula."

"Marahaba. Na maji?"

"Amekunywa."

"Haya, chukua ndoo."

Wenzake walinicheka sana. "Mwenye mbwa, geuza na upande ule. Au na hizo dagaa utasema si zako?" Nilicheka nao, lakini usiku sikupata usingizi, nikisikiliza kama mbwa anapumua.

Siku ya kumi afisa mifugo wa kata alikuja, akamkagua, akasema ni mzima. Nilikimbia hadi ufukweni. Mama alikaa chini palepale kwenye mchanga. Akaniambia, "Mwanangu, nina watoto wanne. Siku zote hizi nilikuwa nawaangalia wakila, nawaza nani atawapikia." Mimi nilidhani aliyekuwa kwenye matatizo ni mimi.

Nashukuru majirani kwa sabuni na maji, na wauguzi. Namshukuru mzee wa kivukoni, ambaye sijamwona tena. Na wewe mama, umekaa humu, sikutaji, lakini mkono wako ukiuinua wakati wa kuimba mimi nauona. Asante kwa kunipa kazi badala ya kunipa jela.

Ninachowaachia ni hiki: ukimlisha, ni wako. Mchanje, mfunge, na akimuuma mtu, sema siku hiyohiyo. Wangu sasa ana cheti na mnyororo. Jumamosi asubuhi wanachanja mbwa pale ofisi ya kata, na humu ndani wapo wenye mbwa wa mtaa wanaolala milangoni kwao, nawajua. Nitapita nyumba kwa nyumba. Kamba ninazo.