Kaburi la Petro Lisiguswe

Sogeeni, wanangu, na wewe Mutembei uache kusimama mlangoni kama karani wa kodi. Kibanja hiki cha Izigo nilikinunua mwenyewe, si cha ukoo, basi nakigawa nipendavyo: Yoeli upande wa barabarani, Mutembei upande wa juu wenye nyumba na kaburi la Petro. Najua umeapa kwamba nikifumba macho utamfukua Mtaliano huyo ili upande migomba. Nisikilize kwanza.

Petro alicheza mpira kwao Torino kabla ya vita ya kwanza. Miguu ilipochoka akawa mwalimu wa timu, na timu tatu zikamfukuza kwa sababu alikuwa na mdomo kama wangu. Vita ya pili ikamkuta Habeshi, Waingereza wakamleta huku mateka. Walipomwachia akaja Bukoba kutengeneza malori ya tajiri Mulji, na jioni akawafundisha mpira ninyi vijana wa mtaa wa Bilele. Baba yenu Rugaibula akampenda, wakafanya omukago: buni mbili za tunda moja, kila mmoja akameza iliyopakwa damu ya mwenzake. Mchungaji alinuna mwezi mzima. Tangu hapo Petro akawa baba yenu mdogo, na ndugu wa damu hanyimwi kitu. Rugaibula alitaka kimoja tu: Mutembei acheze kila mechi. Ukacheza, hata siku ulizokuwa unachechemea.

Ikaja mechi ya Kemondo, Petro akakuweka nje, akamwingiza mdogo wako Yoeli. Baba yenu akafa hajamsamehe, akisema mzungu amekula damu yake bure. Wewe hukumsalimia Petro mpaka nikamzika hapa, na huyu mdogo wako hujala naye miaka saba.

Ni mimi niliyekutoa. Goti lako nililikanda kila jioni, nikaona linajaa maji. Nikamwendea nikamwambia, “Shemeji, mtoe, ila usinitaje, mume wangu atanirudisha kwetu.” Akajibu, “Nimefukuzwa na wakubwa kuliko Rugaibula.” Akanyamaza mpaka kufa. Nami nilipobaki mjane sikuwa na wa kumwogopa, nikaendelea kunyamaza kwa sababu chuki yako ilikuwa imempata mwingine, nikala chakula changu kwa raha.

Kwa hiyo, Mutembei, chuki hiyo nipe mimi, muda ungalipo kidogo. Kaburi mlipalilie wote wawili, msimtume mtu. Mbuzi ni wa Alistidia, ndiye anayeniogesha. Mungu awape watoto wenye magoti mazima… na midomo mifupi kuliko wangu. Yoeli, mpe kaka yako mkono. Mmeshikana? Semeni, sioni tena.