Wekundu Uliobaki Chini ya Kishikio

Ndani ya basi, bibi mmoja alikuwa amepakata kava la ndani la mlango wa gari la marehemu mumewe, jekundu kama limetoka dukani jana. Mwashi aliyekaa kando yake, ambaye hakuna aliyemuuliza, alishindwa kunyamaza.

"Bibi, gari kuukuu na rangi ya ujana? Fundi kakupotosha."

"Fundi huyo abarikiwe! Alifungua kishikio, akaikuta rangi hii chini yake, mahali jua halijawahi kufika, akalishona kava upya kwa rangi hiyo hiyo. Mimi nilishazoea kahawia iliyopaushwa na jua. Kumbe lilikuwa hivi siku marehemu aliponichukua kwetu, nami nimesahau."

"Hata hivyo, uzee haufichwi."

"Haufichwi, mjukuu wangu. Lakini na ujana nao ulikuwepo."

Basi likasimama. Mwashi akamshushia kava lake, bado anabisha, huku amelishika kwa ncha za vidole kama yai.