Bi Khamnoi Saenmuang na Moto wa Wazazi

Bi Khamnoi Saenmuang hakumwambukiza mtu. Kijiji hiki cha Nong Phue kilimtenga miaka sita kama mwenye kifua kikuu, kwa ugonjwa alioupata akiwahudumia wanawake wa kijiji hikihiki. Hilo lisemwe kwanza, kabla ya tarehe.

Alizaliwa hapa hapa tarehe 9 Juni 1954, mtoto wa tatu wa mkulima wa mpunga. Alisoma miaka minne. Mama yake alipojifungua kitinda mimba, alibakizwa nyumbani kuchochea moto siku kumi na moja, na darasani hakurudi tena.

Moto ndio uliokuwa kazi yake. Kila mwanamke aliyejifungua alipolazwa kando ya makaa kukausha tumbo, kama ilivyo desturi yetu, aliyeitwa kuuchochea moto ni Khamnoi. Alijua kuchagua kuni za mkwaju zisizorusha cheche. Madirisha yalizibwa kwa vitambaa upepo usiingie. Mzazi alitoka kuoga, yeye alibaki ndani. Hakumuunguza hata mmoja. Bi Chanthi, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alipopiga kelele kwamba anachomwa hai, marehemu alimwambia, "Tulia, mdogo wangu. Samaki mwenyewe hajageuzwa upande wa pili." Mzazi akacheka mpaka akashika tumbo.

Aliolewa na Bwana Prasan mwaka 1974, aliyemtangulia mwaka 2001. Walijaliwa binti mmoja, Wilai, aliyembebea kuni tangu ana miaka minane.

Kikohozi kilianza mwaka 2011. Kikaja na makohozi ya asubuhi, kisha filimbi kifuani, kisha akawa anapumzika mara tatu kati ya jiko na ngazi. Kwenye karamu ya hekalu, Februari 2018, Bi Chanthi aliliondoa bakuli la maji la marehemu mbele ya watu wote.

"Dada, usiguse wali. Utatumalizia watoto."

Watu waliendelea kula. Wanawake wengi kati yao walishawahi kulazwa kando ya moto wake.

Wilai alimpeleka hospitali ya wilaya. Daktari akampulizisha kwenye mrija mara tatu, kupima pumzi.

"Bibi, unavuta sigara?"

"Hata kumwashia mtu sijawahi."

"Na moto wa kuni?"

"Mwanangu, niulize ni lini nilitoka motoni."

Daktari akaeleza kwamba moshi ulikuwa umeziharibu na kuzibana njia za hewa. Pumzi inaingia, kutoka inagoma, na mapafu yanabaki yamejaa. Ugonjwa huo hauponi, dawa ya kuvuta huupunguzia makali tu. Wala hauambukizi. Wilai, asiyejua kusoma, aliibeba karatasi ya daktari nyumba kwa nyumba.

"Karatasi haikohoi," Bi Chanthi alimjibu. "Anayekohoa ni mama yako."

Alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa ameketi, mikono magotini, midomo imegeuka rangi. Alikuwa na miaka sitini na tisa.

Ameacha wajukuu wawili na binti yake Wilai, ambaye mwaka huu ameanza kupumzika kwenye ngazi za hekalu. Na nyumbani kwa Bi Chanthi yupo mkwe aliyejifungua siku nne zilizopita. Madirisha yamezibwa. Moshi wake unaonekana kutoka hapa mlipokaa, na mtoto yumo ndani.

Sasa kila mtu atapita kwenye jeneza kumwomba marehemu radhi, kama ilivyo desturi. Bi Chanthi asinong'one. Ana deni la kusema kwa sauti kwamba Khamnoi hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, na kutuma mtu akafungue madirisha yale.

Bi Khamnoi na atulie, pumzi isimsumbue tena. Lakini mpaka Bi Chanthi aseme, kiberiti cha kuuwashia mwili wake moto anacho Wilai, na hakiwashi.