Kitemeo cha Mzee Kasmir

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Mzee Kasmir Nandonde, fundi mkuu wa gereji ya Kipepeo Usambazaji, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Aliingia yadi yetu ya mtaa wa Gerezani akiwa kijana mwenye nywele. Anatoka akiwa babu wa wajukuu wanne, na kipara kinachong'aa kuliko boneti yoyote aliyowahi kuifungua.

Mimi naitwa Hajira, mtunza stoo. Ofisi imeniomba niandike wasifu mfupi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga, uwe wa furaha, na nisiguse habari za kopo. Mfupi nimekubali. Furaha nitajitahidi. Kopo nitaliandika, maana kumwandika Kasmir bila kopo ni kupika pilau bila mchele.

Mzee wetu ni mtu wa Ndanda. Alikuja Dar kwa mjomba wake Ilala, akajifunza ufundi kwa kushika tochi chini ya magari ya watu. Alipoajiriwa hapa kampuni ilikuwa na pikapu mbili mbovu. Leo tuna kundi zima la kirikuu, pikapu zile ndogo zinazobeba mizigo ya maduka ya jumla ya Kariakoo, na hakuna hata moja ambayo mikono yake haijaigusa. Mafundi aliowafundisha wametapakaa mjini, wengine wana gereji zao, na wote wana tabia yake moja mbaya: hawawezi kupita gari linalonguruma bila kusimama kulisikiliza.

Mpole? Aka! Kasmir ni mkali, anajisifu, na ukimbishia anakunyang'anya kiti. Dereva aliyeleta gari na kusema tu kwamba linalia vibaya alilazimishwa kuuiga mlio huo kwa mdomo mbele ya yadi nzima. Ukishindwa kuiga, unarudi barabarani ukasikilize vizuri. Winifrida, dereva wetu wa kike wa kwanza, aliiga beringi iliyokufa mpaka wapita njia wakachungulia getini. Tangu siku hiyo mzee akawa anamwita mwanangu.

Sasa kopo. Kirikuu zetu ni kuukuu, na injini iliyochoka inahema. Pumzi yake hutoka na mvuke wa oili, na kuna bomba la mpira linaloirudisha pumzi hiyo ndani ikaungue. Kwa gari jipya haina neno. Kwa magari yetu, utando mweusi ulikuwa unaziba njia ya hewa, gari linakosa nguvu, linatoa moshi mpaka kina mama wa maandazi wanatulaani. Kasmir akasema pumzi hiyo lazima ipitie mahali ikatue mzigo wake kwanza.

Jaribio la kwanza lilikuwa chupa ya plastiki ya juisi. Iliyeyuka, yadi ikanuka, na kwa wiki nzima tukamwita Mzee Juisi. La pili, kopo la maziwa ya unga, lilivuja kwenye mfuniko. La tatu ndilo lililokaa: kopo la chuma lililochomelewa juu na chini, midomo miwili ya bomba, koki ndogo kitakoni, na ndani limejazwa stili waya, ile ile tunayosugulia sufuria. Pumzi ikiingia, oili inang'ang'ania kwenye stili waya na kudondoka chini, hewa safi inaendelea na safari yake. Moshi ukakatika. Mafundi wa yadi za jirani wakaanza kuja kuchungulia, na yeye akawafungulia boneti huku kifua kimemtuna.

Kila Jumamosi koki ilifunguliwa, na kilichotoka kilimwagwa kwenye pipa la oili chafu. Kilikuwa uji wa rangi ya chai ya maziwa: oili, maji na masizi. Kasmir aliuita mate ya injini, na kopo akaliita kitemeo. Kila dereva mpya alikaririshwa maneno matatu tu: mate yaliyotemwa hayamezwi. Hata mtoto wa chekechea anaelewa hilo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekosea akayarudisha kwenye injini.

Ndipo Bwana Aaron, meneja wetu, alipoona neno kitemeo linatia aibu. Wateja watatuonaje, alisema, magari ya kampuni yanatembea na vitemeo? Akachapisha stika za bluu, nzuri kweli, zikabandikwa kwenye kila kopo: HIFADHI YA OILI. Kasmir alisimama kikaoni akasema jina hilo litatuletea balaa. Akajibiwa kwamba jina ni jina tu.

Haukupita muda mzee akaenda Ndanda kumzika dada yake, akakaa huko kumaliza mambo ya msiba. Huku nyuma akaajiriwa dereva mpya, Samson, kijana mwenye bidii, ambaye neno kitemeo hajawahi kulisikia. Alisoma stika. Mnategemea aelewe nini? Kitu kilichohifadhiwa si kimewekwa kitumike? Akawa kila Jumamosi anakinga ule uji kwenye dumu, wa gari lake na wa wenzake, na oili ya injini ikipungua anaongezea humo humo. Tena akalieleza kwenye kikao cha asubuhi, na Bwana Aaron akatutaka tumpigie makofi kwa kubana matumizi! Winifrida hakupiga. Mimi nilinyoosha mkono nikasema jamani, huo ni uchafu, utaua injini. Nikaambiwa stoo ni stoo na gereji ni gereji.

Injini ya gari la Samson ilinoki, ikafa kabisa pale Ilala, gari likiwa na shehena ya sukari. Na Bwana Aaron, aliyebandika stika, aliyepigisha makofi, akasimama mbele yetu na mbele ya mafundi wa jirani akatangaza kwamba injini imeuliwa na makopo ya kuokoteza ya Kasmir. Akaamuru yote yang'olewe. Mzee alirudi kutoka msibani akayakuta yamerundikwa kwenye chuma chakavu. Hakufoka. Mtu anayefoka hata chai ikiwa haina sukari, siku hiyo aliokota moja, akalifuta kwa shati lake. Nilikasirika, na hapa ninapoandika bado nimekasirika.

Samson simlaumu. Alikwenda ofisini mwenyewe akasema mimi ndiye niliyemimina, nilisoma stika. Akaambiwa anyamaze, mambo yaishe. Yaishe kwa nani? Moshi umerudi kwenye magari yetu, na kina mama wa maandazi wameanza tena.

Mambo hayajaisha kwa Mzee Kasmir. Anafungua gereji yake ndogo Ilala, na kazi aliyoitegemea pale ni kuwafungia watu vitemeo. Lakini Gerezani neno halilali. Wateja wawili wameshageuza magari yao mlangoni, wakisema Shikamoo mzee, tumesikia kopo lako linaua injini. Kampuni inamwandalia keki, saa ya ukutani na hotuba tamu, huku imemharibia jina ambalo ndilo atakalolia chakula uzeeni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Na huyu wala si mnyonge.

Kwa hiyo ndugu wageni, angalieni ratiba yenu upande wa pili. Nimeipeleka mwenyewe kwa wachapaji wa Msimbazi, na kila mwalikwa anayo mkononi. Baada ya sala na kabla ya keki mtaona kipengele ambacho ofisi haikukiandika: Maneno ya Meneja kuhusu kilichoua injini. Madereva wote na mafundi wote tumekubaliana kwamba pilau haitapakuliwa mpaka kipengele hicho kipite. Mafundi wa Gerezani waliosikia uongo ule tumewaalika makusudi, na wamekaa mstari wa mbele. Tumechoka kunong'ona.

Mzee Kasmir, ahsante kwa ukali wako, kwa majigambo yako, na kwa kila gari lililoturudisha nyumbani salama. Mungu akupe afya, akujazie gereji wateja, na ugomvi wako usikuishe. Maisha mema, baba yetu, tena mema kweli kweli.

Bwana Aaron, maiki hiyo hapo.