Mahali Ambapo Mzee Kifutio Hakuchora

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, Mchoraji Mkuu wa Ramani katika idara yetu atalivua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Kikazi ndiye baba yetu, nasi humwita Mzee Kifutio, kwa kuwa hufuta zaidi kuliko anavyochora.

Alianza kwa kubeba mnyororo wa wapima ardhi, akapanda hadi chumba cha kuchorea, ambako paa lilivuja juu ya meza yake tu. Hapo aliichora upya ramani nzima ya jiji, karatasi sitini na mbili. Alitufunza kwamba miji mikubwa haichaguliwi na wakubwa; huchaguliwa na mahali mto unapovukika, njia zinapokutana na wasafiri wanapochoka. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Yeye hutania kwamba penye maji hawakosekani, hata wasipoitwa.

Hata hivyo, katika kila ramani yake sehemu moja ilibaki tupu: bonde dogo kwenye pindo la mto, mashariki ya jiji. Mtangulizi wake aliliacha vivyo hivyo, na mtangulizi wa huyo pia. Mwandishi wa wasifu huu, akiwa na shahada ambayo wino wake haujakauka, alidhani ni uzembe.

Mwaka jana idara ilitakiwa kuzipatia viwanja familia mia nne zilizopisha barabara kuu. Mzee alikuwa likizoni, kumwona mjukuu mpya. Mwandishi akaliona bonde: tambarare, maji karibu, njia mbili zikikutana. Akachora mitaa kumi na mmoja iliyonyooka na uchochoro mmoja uliopinda, bila sababu yoyote ila mkono uliupenda.

Mzee aliporudi hakugomba. Aliufuata mchoro kwa kidole, kisha akauliza taratibu: “Huu uchochoro, mwanangu, nani alikuonyesha?”

Asubuhi iliyofuata tulikwenda bondeni na jembe. Chini ya nyasi, kina cha goti, palikuwa na misingi ya mawe. Tulipima mpaka jua likawa utosini. Mitaa kumi na mmoja iliyonyooka. Uchochoro mmoja uliopinda. Kwenye kona yake palikuwa na kizingiti kilicholiwa na nyayo. Mwandishi alikanyaga pale, na mguu ukaenea. Chini ya mawe hayo kulikuwa na tope kavu, na chini ya tope, mawe mengine, kwa mpango ule ule. Miji miwili ilikuwa imelala bondeni. Wa tatu ulikuwa mezani ofisini.

Mzee alieleza kwamba hapakuwa na uchawi. Waliotangulia walikuwa na akili kama zetu. Walikiona kivuko na maji matamu, wakachora tulichochora. Lakini mto nao una kwao, na kila baada ya vizazi kadhaa hurudi.

Akakataa kutia sahihi. Kwa miezi minne aliambiwa amezeeka, anazuia maendeleo, na hati zake za kustaafu zikacheleweshwa. Hakutetereka. Alichora mpango mpya juu ya kilima, penye bomba badala ya kisima, na ukapitishwa. Akina mama waliokwea na magodoro kichwani walimpachika jina la Babu Mlima, wala hawakumsifu.

Mwezi Aprili mto ulirudi bondeni, ukakaa siku tisa. Tulipopanda kuhesabu kaya, zote mia nne zilikuwapo kilimani, zikitazama chini. Maji yalipoondoka, tope lilibaki laini kama karatasi mpya.

Tangu hapo tumepokea barua saba, za watu wasiofahamiana, wakiomba kiwanja bondeni humo humo. Mmoja ameambatanisha mchoro wake. Tumeupima: uchochoro umepinda.

Mzee wetu, asante kwa kila mstari uliouchora, na zaidi kwa ule uliotufutia. Uishi salama na wajukuu, na kikombe chako kisikauke. Kifutio ulichotuachia kimebaki ukubwa wa harage. Tumekiweka juu ya barua hizo, na zamu ya kukitumia sasa ni yetu.